Vitambaa Kwenye Nyaya

Mtu akiniuliza kwa nini nilikwama Mweso, huwa nasema barabara ilifungwa. Ni jibu fupi, na watu wanaliamini, kwa kuwa kila mtu wa kwetu amewahi kufungiwa barabara. Ukweli ni kwamba barabara ilifunguka mara tatu nikiwa pale. Watu walipita na magodoro yao na mbuzi wao, nami nikawa nawatazama kutoka juu ya paa, koleo mkononi. Nilikwama kwa sababu kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri, na kwa ujanja kupita kiasi.

Sisi wafanyabiashara tuliotoka upande wa Butembo tuna ugonjwa mmoja: tunaogopa mtu anayejifunza haraka. Ukifungua duka la chumvi, mwezi ujao jirani naye ana chumvi. Ukileta misumari, analeta misumari na nyundo. Basi mimi nilikwenda Mweso na kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho njia nzima ya Kitshanga: mashine ndogo iliyojaa filamu, swichi yenye matundu kumi na sita, na mabunda ya nyaya. Mashine ilikaa chumbani kwangu. Nyaya zilitoka pale zikapita juu ya mabati na juu ya nyua mpaka kwenye televisheni za watu. Nyuma ya kila televisheni niliweka kiboksi, na mwenye nyumba akachagua filamu yake bila kuinuka kwenye kiti. Hatukuhitaji intaneti. Hata mnara wa simu ulipozimwa, kwetu picha ziliendelea. Wala haikuwa ile picha ya ukungu ya kanda za zamani. Ilikuwa picha ambayo ungeweza kuhesabu mishono ya shati la mtu.

Picha safi namna hiyo ni nzito. Ukiiacha huru inafurika kwenye kila waya kwa wakati mmoja, na wote wanakosa. Kwa hiyo kila tundu la swichi nililipangia kiasi chake cha kupitisha, na kila waya ukawa na tundu lake. Ukichanganya, picha inakatika vipande vya mraba na sauti inatangulia midomo.

Fundi mwenye busara angeandika namba kwenye nyaya. Mimi sikuandika, kwa sababu namba husomwa na kila mtu. Nilifunga vitambaa. Kila waya ulikuwa na kipande cha kitenge shingoni, na vingine vya kitenge hichohicho njiani juu ya mapaa, na mpangilio wake ulikuwa kichwani mwangu peke yangu. Nilifunga hata vitambaa viwili vya uongo, mahali ambapo havikuwa na maana, ili mwizi wa ujuzi apotee njia. Nililala usingizi mzuri sana baada ya kazi hiyo. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, nami nilidhani wanawasema wengine.

Vitambaa nilivipata kwenye gunia lililokuwa limetundikwa katika chumba nilichopanga. Mwenye nyumba alikuwa mkulima wa familia ya zamani ya eneo lile la Masisi, mzee mgane mwenye mgongo ulionyooka na maneno machache, na maharage yake yalishika kilima kizima nyuma ya nyumba. Nilimwuliza kama naweza kukata zile nguo kuukuu.

"Kata," alisema, akaenda shambani.

Sikuuliza zilikuwa za nani. Nilikuwa na mkasi na haraka.

Mzee yule hakuzipenda filamu zangu. Nilimfungia waya bila malipo, naye akawa anakuja kusimama mlangoni kwangu kulalamika. "Aba bantu ba mu televizyo, hawana shamba? Kutoka asubui iko kukimbia tu na gari." Filamu moja tu ilimkalisha chini, kwa kuwa ndani yake mvua ilinyesha muda mrefu. Aliangalia mvua, na wahusika walipoanza kuzungumza akaondoka.

Vita viliposogea, mke wangu, niliyekuwa nikiishi naye pale Mweso, alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa mimba ya tatu. Wawili wa kwanza walizaliwa nikiwa njiani na mizigo, wa kwanza nikiwa nimelala juu ya magunia kwenye lori lililonasa matopeni. Mara zote mbili alinipokea bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko matusi. Kwetu jina la mtoto hufuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo huyu wa tatu alikuwa tayari na jina tumboni, likisubiri tu kujua kama ni la kike au la kiume. Hakuna aliyehitaji akili yangu. Nilichoombwa ni kuwepo tu.

Nilimwapia kwamba safari hii nitakuwepo. Akaondoka na watoto na majirani kuelekea Kalembe, waingie upande wa Walikale ambako dada yake aliolewa. Mimi nilibaki siku tatu ili nifungue nyaya zangu. Alinitazama nilipotaja hizo siku tatu.

"Acha ile kamba," aliniambia. "Twende."

"Siku tatu tu, Mama."

Siku ya pili wenye bunduki wapya waliingia mjini, na mimi nilikuwa juu ya paa.

Sitawataja ni akina nani. Wamekuja wengi, na kila anayekuja anatukuta tukiwa walewale. Mkubwa wao alichukua nyumba ya kilimani ambayo mwenyewe alikuwa amekimbia, akatuma watu waulize zile kamba juu ya mabati zinakwenda wapi. Niliitwa. Nilitegemea kofi, nikapewa kiti. Alikuwa mtu mpole, na mpaka leo ule upole wake ndio unaonitia hasira. Hakupandisha sauti hata siku moja.

"Injeniere," aliniita, ingawa mimi ni muuza chumvi aliyejifunza kubana nyaya. "Nataka hii picha ifike hapa. Na ku biro. Na kule bapolisi yangu banalala."

Nilimfungia sehemu zote tatu: nyumbani kwake, ofisini na walikolala askari wake. Na hapa ndipo ninapojichukia kidogo, maana ningeweza kumfungia ovyo. Sikuweza. Mkono wangu unakataa picha mbaya kama vile mpishi anavyokataa ugali wenye mabonge. Pale kilimani palikuwa na sebule kubwa, na spika walikuwa wameziweka uani, kwa hiyo sauti ilipita waya wake na ikawa inafika kabla ya picha. Nilikaa alasiri mbili nikiichelewesha kidogo kidogo, mpaka mdomo wa mtu na neno lake vikaishia pamoja. Mkubwa alitabasamu. Aliita wenzake waje kuona. Nilifurahi, ndiyo, nilifurahi kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa. Kisha nikaomba karatasi ya kupita vizuizi, nimfuate mke wangu.

"Utaenda," alisema. "Lakini ukienda, nani atabakia na picha?"

Wiki iliyofuata niliomba tena, akanijibu vilevile kwa sauti ileile. Barabara ilifunguka kwa mara ya kwanza, watu wakapita, ikafungwa. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini walikuwa na maagizo: mtu wa nyaya asipite. Si kwamba nilifungwa. Nilitembea nitakapo, nilinunua maharage sokoni, nilisalimiwa vizuri. Mji mzima ulikuwa wazi kwangu, na mpaka wake ulikuwa kile kizuizi, na kila asubuhi niliamka nikiwa nimeshachoka. Miezi saba ikawa miezi minane.

Nikajaribu ujanja mwingine, maana mimi ndivyo nilivyo. Nililegeza waya mmoja wa kilimani, kidogo tu. Picha ikaanza kukatika. Niliwaza kwamba watachoka, watasema mashine imezeeka, na mimi nitakuwa kitu kisicho na faida. Walichofanya ni kuja na pikipiki kunichukua. Nililazwa kilimani siku nne, karibu na picha, "mpaka ipone." Nilipoiponya wakanirudisha nyumbani, na mkubwa akasema kwa huruma ya kweli, "Unaona? Bila weye hatuwezi."

Niliomba kumfundisha mmoja wa askari wake. Alitikisa kichwa.

"Askari iko muntu ya kutembea. Leo iko hapa, kesho nitamutuma Bihambwe. Niletee muntu ya hapa, mwenye mizizi. Mwenye hawezi kukimbia. Akijua kazi, weye unaenda."

Niliteremka kile kilima nikihesabu watu kichwani. Vijana wote wenye akili ya vyuma walikuwa wamekimbia. Aliyekuwa akinunua filamu kwangu, mwalimu, alikuwa amekimbia. Na hata angekuwepo, angeuliza kwanza: kile kitambaa cha bluu ni cha wapi? Nami ningehitaji wiki nzima kumkaririsha mafumbo niliyoyatunga mwenyewe ili asiyajue. Nilikaa mbele ya swichi, nikavitazama vile vitambaa kumi na sita, na viwili vya uongo, nikalia. Nasema wazi kwamba nililia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Mwenye nyumba alinikuta hivyo, jembe begani. Alisimama mlangoni kama kawaida yake ya kulalamika, lakini safari hii hakulalamika. Alichuchumaa mbele ya swichi, akashika kitambaa kimoja kwa vidole viwili.

"Hii ya maua ya manjano inaenda kwa mama wa mikate," alisema.

Nilifuta macho. Ilikuwa kweli.

"Hii ya ndege inaenda ku biro. Hii ya michoro ya nyekundu, kule kilimani, mu salo kubwa. Ile iko karibu yake ni ya sauti. Hizi mbili," akavigusa vile vya uongo, "haziendi fasi yoyote. Sijue juu ya nini uliziweka."

"Papa, umejuaje?"

Alikirudia kile cha maua ya manjano.

"Hii alivaa siku tulibatiza mutoto wa kwanza. Nitakosa aje kuiona? Ikipita juu ya nyumba, naangalia inaenda wapi." Akagusa cha ndege. "Hii nilimununulia Kitshanga, akasema ndege yake iko mubaya, lakini alivaa mpaka ikaisha." Akagusa chekundu. "Hii njo alikuwa nayo siku alianguka mu shamba."

Kumbe lile gunia lilikuwa la marehemu mkewe. Nguo nzuri zilikuwa zimegawanywa kwa dada za marehemu matanga yalipokwisha, kama desturi ilivyo, na zilizochakaa mzee alikuwa amezihifadhi mwenyewe, zikining'inia. Nami nilizikata vipande nikazitawanya juu ya mapaa ya mji mbele ya macho yake. Kwa miezi yote ile, alipokuwa akisimama kule kwenye maharage yake na kutazama chini, mimi nilidhani anapumzisha mgongo.

"Papa, unisamehe. Ungenikataza."

"Nilisema kata," alisema. "Mu gunia zilikuwa naoza. Huku juu naziona."

Ningepaswa kunyamaza hapo. Ningepaswa kumwachia mzee vitambaa vyake na huzuni yake. Lakini nilikuwa mtu aliyeona dirisha limefunguka katika chumba kisicho na hewa, na sikuangalia nani amesimama chini ya dirisha. Nilimshika mkono. Nilimweleza habari ya mke wangu, ambaye mzee alimfahamu na kumpenda kwa kuwa alikuwa akimsaidia kupepeta maharage. Nilimweleza masharti ya mkubwa: mtu wa hapa, mwenye mizizi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na shamba yangu?"

"Ni kazi ya saa moja asubuhi, Papa. Kuangalia tu, na kubana waya ukikatika. Wewe hawatakupeleka popote. Wanataka mtu asiyeondoka, na wewe huondoki."

"Miye siondoke," alikubali. "Hata ile vita ya mbele ya hii sikuondoka."

"Ndiyo maana nakuomba."

Nilisema hivyo, nami niliamini. Au niliamini kiasi nilichohitaji.

Nilimfundisha siku sita. Mikono yake, iliyozoea kusuka kamba za mbuzi, ilijifunza kupanga zile nyuzi nane ndogo ndani ya waya na kuzibana kwa koleo, kwa ustadi ulionitia wivu. Alikataa kujifunza majina. Swichi aliiita ng'ombe, kwa sababu, alisema, kila chuchu ina ndama wake, na ndama akikosea chuchu kunakuwa na kelele. Tulicheka. Siku zile sita zilikuwa nzuri kuliko zote nilizokaa Mweso, na ninasikitika kwamba zilikuwa nzuri.

Siku ya saba mkubwa alituita kilimani na mashine na swichi yetu, na nyaya zote tukazivuta mpaka kwake. Tuliiweka mezani kwenye baraza, mchana kweupe, na nyaya zote zikaunganishwa kupita dirishani. Mkubwa aliinuka, akazing'oa zote kumi na sita, akazichanganya kama mtu anayechanga karata, akarudi kwenye kiti.

"Papa," alisema kwa heshima, "zirudishe."

Mzee hakuniangalia. Alichukua waya mmoja, akakipitisha kitambaa kati ya vidole, akauchomeka. Akachukua wa pili. Hakuwa na haraka. Niliona midomo yake ikitikisika, na mimi peke yangu pale barazani nilijua kwamba hahesabu. Alikuwa anapita katika siku za ndoa yake moja baada ya nyingine: ubatizo, soko la Kitshanga, Pasaka, msiba wa mama mkwe. Kile chekundu alikishika muda mrefu kidogo. Alipochomeka wa mwisho, sebuleni ikatokea picha, safi, na neno na mdomo vikaenda pamoja.

Mkubwa alipiga makofi.

Sasa niseme desturi yetu. Mfanyabiashara wa kwetu hasafiri akaacha duka tupu. Kabla ya kupanda gari, anamshika mkono anayebaki, anampitisha kwa majirani na kusema, "Huyu njo mimi," yaani huyu ndiye mimi. Basi. Tangu hapo, anayebaki akiitwa, umeitwa wewe, na akikosea, umekosea wewe. Baba yangu alisema hivyo juu ya kaka yangu, nami nimesema hivyo mara nyingi juu ya shemeji zangu, bila kufikiri, kama mtu anavyosema habari za asubuhi.

Mkubwa aliniuliza, "Injeniere, huyu atafaa?"

Nilimshika mzee mkono. Mkono wake ulikuwa na udongo kwenye mistari.

"Huyu njo mimi," nilisema.

Karatasi iliandikwa palepale.

Nilitembea mpaka Kalembe na kuendelea. Sitaielezea njia, kila mtu anaijua njia ya namna hiyo. Nilimkuta mke wangu kwa dada yake, miguu imevimba. Aliniona, akaendelea kuchambua mboga, kisha akasema, "Umefika." Siku nne baadaye nilikuwa nimeketi nje ya mlango kwenye kigoda, na nilisikia kilio cha kwanza cha binti yangu kwa masikio yangu mwenyewe. Jina lake la zamu likatamkwa, nami nikawa wa kwanza kulirudia. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sitaikana hata baada ya yale niliyoyasikia.

Niliyasikia mtoto akiwa ameanza kukaa. Mwanamke mmoja aliyekimbia kutoka Bihambwe alifika kijijini tulipokuwa, akawa anasaidia kulima kwa shemeji. Siku moja aliwasimulia wanawake juu ya mzee aliyekuwa kule na askari, akipanda mapaa kuvuta kamba. Watoto walikuwa wakimcheka kwa sababu kila kamba yake ilikuwa na kitambaa. Mkubwa alikuwa amehamisha makao yake, akahamisha mashine, swichi, nyaya na spika, na pamoja navyo akamhamisha aliyejua.

Nilimwomba anieleze kwa utaratibu. Ndiyo, mzee mwenye mgongo ulionyooka. Hapana, hakufungwa kamba. Alitembea sokoni, alisalimiwa vizuri, lakini kizuizi kilikuwa na maagizo. Alikuwa ameomba karatasi arudi Mweso wakati wa kupanda, akaulizwa nani atabakia na picha.

"Ulizungumza naye?"

"Kidogo. Nilimwambia tuko tunakimbilia huku Walikale. Akasema, huku kuko mutu yake mumoja. Akasema nikimuona, nimusalimie." Alinitazama, akaanza kuelewa. "Njo weye?"

"Alisema nini tena?"

"Alisema picha iko inatoka muzuri. Na aliuliza kama muko najua nani iko nalima ile maharage yake."

Mke wangu alikuwa karibu, mtoto mgongoni. Alikuwa hajui mpaka siku ile jinsi nilivyopata karatasi, kwa kuwa sikuwahi kumwambia. Alimfungua mtoto, akampa yule mgeni ambebe, akaja kusimama mbele yangu.

"Ulimwachia nini?" aliuliza.

Nikamwambia maneno yale matatu niliyoyasema barazani.